Siku 21 Mlangoni kwa Watu: Barua za Wasomaji kwa Afisa Afya

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza juu ya kazi ya kufuatilia watu waliotangamana na mgonjwa wakati wa mlipuko. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa afisa afya wa kata mkoani Kagera hadi nilipostaafu. Machi 2023, Serikali ilipotangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi iliyo jamii moja na Ebola, huku Bukoba Vijijini, nilikuwa mmoja wa waliopita nyumba kwa nyumba. Januari 2025 ugonjwa huohuo ulipojitokeza Biharamulo, niliitwa kuwafundisha vijana waliokuwa wanaanza. Majina ya walioandika nimeyaacha, kama wengi walivyoomba.

Nikishapiga hodi nifanye nini?

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko Muleba. Majina yetu yamewekwa kwenye orodha ya watakaoitwa ukitokea mlipuko. Semina tuliyopewa ilikuwa fupi, tukaoneshwa picha nyingi ukutani. Mama yangu analia, anasema nitamletea kifo nyumbani. Naomba uniambie kazi yenyewe inafanywaje, pale mlangoni, nikishapiga hodi.*

Marahaba mwanangu. Nianze na mama yako, maana usipoondoka nyumbani na baraka zake hutafanya kazi kwa moyo mtulivu.

Mwambie Marburg haisambai hewani kama mafua. Mtu huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, mate au majimaji mengine ya mtu ambaye tayari anaumwa, au ya maiti, au nguo na matandiko yaliyochafuka. Ambaye hajaanza dalili haambukizi. Na wewe utakaowatembelea ni watu ambao hawajaanza dalili. Siku dalili inapoonekana unarudi nyuma, unapiga simu, na wanaosogea ni timu yenye mavazi kamili. Hatari ipo, sitamdanganya mzazi mwenzangu, lakini iliyo kubwa zaidi inamkabili muuguzi wa zahanati anayempokea mgonjwa akidhani ni malaria. Mwaka 2023 wagonjwa walikuwa tisa, wakafariki sita. Wawili kati ya hao tisa walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao tulimzika.

Kwa hiyo kanuni ni hizi: unasimama uani, si ndani. Kati yako na mwenyeji iwepo nafasi ya hatua mbili ndefu. Hushiki mkono, hukalii kiti, huli wala hunywi. Kwa sisi watu wa Kagera hili ndilo gumu kuliko kipimajoto, kwa sababu mgeni hupewa kiti na kahawa ya kutafuna, na anayekataa kahawa amekataa nyumba. Dawa yake ni kulisema mapema. Siku ya kwanza, mwenyekiti wa kitongoji akiwa amesimama pembeni yako, sema wazi: kwa siku hizi 21 sitakaa wala kushika mkono wa mtu, si kwa dharau, ndivyo kazi ilivyo, siku ya 22 nitakuja nikiwa mgeni wenu na mtanipa kahawa. Kisha siku ya 22 uende kweli.

Siku hizo 21 zinahesabiwa tangu mara ya mwisho mtu huyo alipomgusa mgonjwa au vitu vyake, si tangu siku ulipoandika jina lake. Virusi vikiingia mwilini dalili hutokea kati ya siku ya 2 na ya 21. Mtu akigusana tena na mgonjwa mwingine, hesabu inaanza upya, na hapo utaona watu wanakata tamaa. Waeleze kwa subira.

Sasa majina. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo semina nyingi hupita haraka.

Usimuulize mtu "Ulikutana na nani?" Atakutajia wawili watatu wa kuheshimika, basi. Muulize siku zilivyokwenda. Homa ilianza lini? Asubuhi hiyo alikuwa wapi? Uji alipikiwa na nani? Usiku alilala chumba gani, na nani pembeni yake? Matapishi yalifutwa na nani, kwa kitambaa gani, na kitambaa hicho kiko wapi? Nguo zilifuliwa wapi? Duka la dawa alikwenda kwa miguu au kwa pikipiki? Kabla ya zahanati alipitia kwa mganga wa kienyeji? Nani alimshika kiunoni akipanda gari? Katika kila jibu kuna mtu, na wakati mwingine wawili.

Kama mgonjwa amekwisha kufariki, uliza msiba. Nani aliosha mwili, nani alivisha, nani alikesha naye, nani amepewa godoro na koti lake baada ya mazishi. Huku kwetu marehemu huzikwa kwenye kibanja chake na ndugu hutoka Mwanza na Dar es Salaam kuja kuzika, kisha hurudi na basi la alfajiri. Hao nao ni watu wako. Chukua namba zao, upeleke kwa mganga mkuu wa wilaya yako ili awasiliane na wa wilaya waliko.

Kuna watu ambao familia huwasahau karibu kila mara. Watoto kwanza: katika nyumba moja waliniorodheshea watu wazima wote wa ukoo, lakini mtoto aliyekuwa akitumwa kumpelekea mgonjwa maji ya kunywa hakuwamo, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa kuhojiwa. Wa pili ni kibarua wa shambani anayelala jikoni. Wa tatu ni yule mwanamke au mwanamume wa nje ambaye nyumba haimjui au inajifanya haimjui. Huyo usimuulizie mbele ya mke. Tafuta nafasi, uliza kwa sauti ya kawaida, na jina likitolewa liingie kwenye fomu kama mengine, na kwenye safu ya uhusiano uandike neno lisilomvua mtu nguo. Fomu yako ikizagaa kijijini siku moja tu, hutapata jina tena katika kata nzima.

Uliza watu tofauti, kila mmoja kwa nafasi yake. Mama mkwe anakumbuka asichokumbuka mke, na jirani wa ng'ambo ya uzio anakumbuka zaidi ya wote.

Ziara za kila siku ni fupi. Joto, kisha maswali: kichwa, misuli, koo, tumbo, kutapika, kuhara. Lakini kabla hujaelekeza kipimajoto uliza, "Leo umekunywa dawa gani?" Aliyemeza panadoli asubuhi atakuonesha joto zuri na homa iko chini yake. Wengine humeza makusudi kwa woga, wengine kwa sababu mgongo unauma tangu zamani. Na macho yako yafanye kazi pamoja na kipimajoto. Moshi wa jikoni umetoka? Mbuzi wametolewa? Jana alikuja kukupokea njiani, leo anakujibu akiwa amelala? Marburg huanza kama malaria au taifodi. Damu mnayoiona kwenye picha za semina huchelewa kutokea, na kwa wengine haitokei kabisa. Usiisubiri.

Jambo la mwisho kwako, nalo ningependa ulibebe kuliko yote. Watu wanaotoroka ufuatiliaji hawakimbii kipimajoto. Wanakimbilia riziki. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana mwaka 2023 alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, kwenye uvuvi. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Ukimwambia akae nyumbani siku 21 umemnyima giza zima la kuvua, na mwenye mtumbwi atamchukua mtu mwingine. Mama ana marejesho ya kikundi kila Alhamisi. Ndizi zimekomaa na lori la mnunuzi linapita kesho. Ukienda na fomu tu, siku ya tatu utakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo orodha yako ikishakamilika jioni, kabla ya kulala, mpelekee mtendaji wa kata orodha ya pili: nyumba gani inahitaji mchele, maharage, mafuta, sabuni, nani wa kumkatia ng'ombe majani, kikundi gani kiandikiwe barua kusogeza marejesho. Piga kelele kwa orodha hiyo ya pili hadi ijibiwe. Nimeona nyumba zikituvumilia hadi siku ya mwisho kwa sababu gunia lilifika kwa wakati, na nimeona vijana hodari wenye semina zote wakikimbiwa kwa sababu walifika mikono mitupu siku baada ya siku.

Nilimbeba mgonjwa, sikusema

*Mama, mimi ni bodaboda Biharamulo. Wakati ule wa mlipuko nilimpakia mtu anaumwa, akatapika mgongoni kwangu. Sikumwambia mtu. Pikipiki ni ya mkataba, kila jioni tajiri anataka hesabu, nikifungiwa nitaipoteza. Sikuugua, namshukuru Mungu. Kwani mwendo wa dakika kumi una shida gani? Na siku nyingine ikitokea nifanye nini?*

Namshukuru Mungu pamoja nawe, mwanangu, na asante kwa kuandika, maana madereva wengi wamekaa na jambo kama lako kifuani.

Dakika kumi zinatosha. Nikupe mfano wa mtu halisi. Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin aliingia kwenye gari kumwonesha dereva njia. Ndani ya gari walikuwamo watoto wawili wagonjwa wa ndui wakipelekwa kutengwa. Ilikuwa safari ya dakika chache tu. Siku kumi baadaye alipata homa. Akatibiwa malaria, kisha wakadhani ni tetekuwanga, na muda wote huo ndugu na marafiki walikuwa wakiingia na kutoka kumjulia hali. Ilipojulikana kuwa ni ndui, wafanyakazi wa afya walimtafuta kila aliyekuwa amekaribiana naye, wakachanja, wakafuatilia. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida iliishia kwake, duniani kote, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetokomea. Maalin alipona. Miaka ya baadaye akawa anazunguka Somalia kuhamasisha wazazi wachanje watoto polio, na kazi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo malaria ilipomuua mwaka 2013.

Ndui ilikuwa na chanjo na Marburg inaambukiza kwa njia nyingine, hilo lijue. Lakini mtu wa gari, mtu wa pikipiki, aliyesaidia dakika chache na kuendelea na shughuli zake, ndiye anayekosekana kwenye orodha kila mahali nilipofanya kazi.

Ikitokea tena: shuka, usijifute kwa mkono mtupu. Vua shati lililochafuka, nawa kwa maji mengi na sabuni, hata kama ni kisimani, ila mbali na maji wanayochota watu. Kiti na kofia ngumu visioshwe kwa papara. Maafisa afya watavipulizia klorini. Kisha piga 199, ni bure mitandao yote, useme ulimbeba nani, kutoka wapi hadi wapi. Utaandikwa kuwa uliyetangamana na mgonjwa. Hiyo si sawa na kuwa mgonjwa. Wengi hufuatiliwa wakiwa majumbani mwao. Aliyegusa majimaji kama wewe anaweza kuombwa akae mahali maalumu, na hapo una haki ya kuuliza familia yako itakula nini na nani atazungumza na tajiri. Mwambie mtendaji aongee naye. Tajiri huelewa zaidi akiambiwa na ofisi.

Na kwa wafuatiliaji mnaosoma barua hii: msimtafute dereva nyumbani kwake. Nendeni kijiweni, muongee na mwenyekiti wa kijiwe, muwaambie vijana wote kwa pamoja habari za 199. Mmoja atawafuata baadaye, peke yake.

Nimemaliza siku zangu, wateja hawarudi

*Shikamoo bibi. Nilimuuguza shemeji yangu, nikafuatiliwa siku zote 21, nikaambiwa niko salama. Lakini hadi leo vitumbua vyangu havinunuliwi. Watoto wangu shuleni wanaitwa Marburg. Mume wangu anasema tuhame.*

Marahaba mwanangu. Pole. Umefanya kazi ya utu, ukauguza ndugu wa mumeo ukijua hatari, kisha ukakubali kuhesabiwa siku moja baada ya nyingine. Inaniuma kwamba malipo yake yamekuwa haya.

Uliyomaliza siku 21 bila dalili huna ugonjwa huo na huwezi kumpa mtu. Hakuna "labda" hapo, na wala si huruma yangu kwako. Uko sawa na mwanamke yeyote sokoni.

Usihame kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na yule aliyekufuatilia, mwombe jambo hili litangazwe kwenye mkutano wa kijiji, na tangazo lisiwe la kukusamehe, kwa kuwa hukukosa. Litamke kuwa nyumba yako ilishirikiana na Serikali na kijiji kikapona. Mwombe mchungaji au shehe wako aseme hivyo ibadani. Kuhusu watoto, mwalimu mkuu aambiwe leo, si mwezi ujao. Jina likishazoeleka midomoni mwa wanafunzi hukaa miaka.

Na ninyi wafuatiliaji: kahawa ile ya siku ya 22 niliyomwambia kijana wa Muleba haiko kwa ajili ya adabu peke yake. Njoo mchana, watu wakiwa njiani. Kaa kwenye kiti, shika mkono, kula kitumbua hadharani, nunua vingine uende navyo. Kijiji kilikuona umesimama mbali kwa wiki tatu, kikajifunza kutoka kwako kuogopa nyumba ile. Sasa kijifunze kutoka kwako kuacha. Ninawaomba kwa dhati mlifanye hili, hata kama hakuna posho ya siku ya 22.

Bibi anayeandika haya akipita kwenu atanunua vya shilingi elfu tano.

Kwa nini msituchanje tukapumzika?

*Mimi ni mwalimu wa sekondari, Bukoba. Zama hizi za sayansi, kuzunguka na daftari nyumba kwa nyumba kunasaidia nini hasa? Kwa nini watu wasipewe chanjo?*

Mwalimu, chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida haipo bado, wala dawa maalumu. Jirani zetu wa Rwanda walipopatwa Septemba 2024, waliwapa watumishi wa afya na waliotangamana na wagonjwa chanjo iliyokuwa bado katika majaribio, kutoka Taasisi ya Sabin ya Marekani. Walikuwa na wagonjwa 66, wakafariki 15, wengi wa waliougua wakiwa watumishi wa hospitali. Waliowafikia wagonjwa mapema, waliowapa maji ya mshipani na kuwahudumia vizuri, waliokoa wengi. Lakini hata huko hapakuwa na namna ya kujua nani ahudumiwe mapema bila daftari.

Ebola ya aina ya Zaire ina chanjo, Ervebo, na huko Kivu Kaskazini na Ituri waliitumia kwa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko wa 2018 hadi 2020. Utaratibu wao ulikuwa kumchanja aliyetangamana na mgonjwa, kisha aliyetangamana na huyo. Sasa, Mwalimu, unamchanja nani kama hujapata jina lake? Chanjo yenyewe inatembea nyuma ya mfuatiliaji.

Unauliza inasaidia nini. Julai 2014 abiria mmoja aliingia Lagos akiwa na Ebola. Lagos, jiji la mamilioni ya watu. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alikataa kumruhusu atoke hospitalini licha ya shinikizo, na yeye mwenyewe akafa kwa ugonjwa huo. Kisha wafuatiliaji wakaandika watu wapatao 890, wakawatembelea ana kwa ana mara 18,500 hivi. Nigeria nzima ikaishia na wagonjwa 20 na vifo 8, na Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kuwa huru. Wakati huo nchi tatu za Afrika Magharibi zilikuwa zinazika watu kwa maelfu.

Hapa kwetu mwaka 2023 tulifuatilia watu zaidi ya 200, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, baada ya kupita siku 42 bila mgonjwa mpya. Biharamulo walikuwa 281, na ulikwisha Machi 2025. Simu na programu za kompyuta zilitusaidia kutuma taarifa haraka, nazipenda. Ila hakuna simu iliyoona kwamba jikoni hakujatoka moshi.

Wananiita niliyeita gari

*Jambo mama. Ninaandika kutoka Beni, Kongo. Wakati wa Ebola nilifuata wagonjwa… samahani, nilifuata watu waliogusana na wagonjwa. Mama mmoja wa mtaa wetu nilimwona kila siku. Siku ya tisa alikuwa na homa, nikaita gari. Alikufa kule kituoni. Familia yake inanipita njiani bila salamu, wanasema mimi nilimpeleka kufa. Miaka imepita na bado ninaota lile gari. Ningefanya nini tofauti?*

Ndugu yangu, pole sana. Barua yako niliisoma mara nyingi kabla ya kuijibu, na nimemwonesha mume wangu, naye akakaa kimya muda mrefu.

Kwa unayoniandikia, ulifanya lililo sawa, tena mapema. Utafiti uliofanyika hukohuko kwenu mwaka 2018 na 2019 ulionesha kwamba wagonjwa waliofika na virusi vichache mwilini, wakapewa moja ya dawa mbili zilizofanya vizuri kuliko nyingine, karibu tisa kati ya kumi walipona. Waliofika virusi vikiwa vingi, wengi walikufa hata kwa dawa hizohizo. Kuita gari siku ya kwanza ya homa kulimpa mama yule nafasi kubwa kuliko nyingine yoyote iliyokuwapo. Kuna miili inashindwa hata hivyo. Na waliobaki nyumbani kwake, waliolala chumba kimoja naye, huenda wako hai kwa ajili ya simu yako. Hawawezi kulijua hilo, kwa sababu kilichoepushwa hakionekani.

Ulifanya hayo mahali ambapo kuvaa kizibao cha timu ya Ebola kungeweza kukutoa roho. Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo, akiwa kazini. Wenyeji kama wewe mlitishwa, mlichomewa nyumba, na kesho yake mkarudi mitaani. Sisi wa Kagera hatukupitia hayo, na ninawaheshimu sana.

Familia yake usiiendee na maelezo ya virusi. Miaka imepita; wanachohitaji ni mtu anayemkumbuka mama yao. Wewe ulimwona kila asubuhi kwa siku tisa. Unajua alikuwa anakuambia nini, alicheka nini, aliwaulizia watoto gani. Tuma mzee wa mtaa atangulie, kisha uende ukawasimulie hayo. Hata wakikufukuza, utakuwa umewapelekea kumbukumbu hizo. Na ndoto hizo zisikae nawe peke yako: waambie wenzako mliofanya kazi pamoja, mkutane, na kama kuna mshauri wa kisaikolojia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, nenda. Anayelala vibaya kwa miaka anahitaji matibabu kama mwenye jeraha.

Kwa wanaopanga kazi hii siku zijazo nina ombi. Hukohuko Beni vilitumika vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, ndugu wakamwona mgonjwa wao na kuongea naye wakiwa nje, bila kuhitaji mavazi ya kinga. Jengeni hivyo tangu siku ya kwanza. Mpelekeni mtu mmoja wa familia akaone kitanda na chakula, arudi kusimulia. Mfuatiliaji asiachwe abebe peke yake gari lililoondoka na mtu na kufunga milango.

Nibebe nini?

*Nimeitwa semina wiki ijayo. Vitu gani nisivyopaswa kusahau, mama? Na posho je?*

Buti za mvua, koti la mvua, kofia. Daftari la jalada gumu, kwa sababu fomu za karatasi huloa, na kalamu za risasi, kwa sababu wino nao huloa. Betri ya akiba ya simu. Maji yako na chakula chako kwenye mfuko, kwa kuwa hutakula kwa watu. Sabuni ya kipande hata kama wamekuahidi vitakasa mikono. Namba ya simu ya mwenyekiti wa kila kitongoji, na ya dereva wa gari la wagonjwa, si ya ofisi yake.

Kuhusu posho, uliza kabla hujatoka ukumbini: ni kiasi gani kwa siku, italipwa lini, na nani anasaini. Usione haya kuuliza mbele ya wengine. Nao wanataka kujua. Jibu liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilohilo, pamoja na jina la aliyekujibu.